Daktari, tumeambiwa homoni zetu zimeisha

Daktari,

Habari za kazi. Nasoma majibu yako siku nyingi, na leo nimeona nikuandikie, maana mimi na mume wangu tumefika mahali hatuelewani, na jambo lenyewe linagusa afya yetu na akiba yetu.

Nina miaka 52. Hedhi yangu ya mwisho niliiona mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Tangu hapo usiku sina raha. Naamka saa nane joto limenipanda kutoka kifuani hadi utosini, gauni la kulalia limelowa jasho kiasi cha kukamuliwa, moyo unakwenda mbio. Nafungua dirisha, nabadilisha nguo, nikija kuupata usingizi ni karibu na alfajiri. Kazini nasahau majina ya watu ninaokaa nao kila siku. Juzi nilisimama kuzungumza kwenye kikao, neno nililokuwa nalitafuta likanipotea kabisa, nikabaki nimesimama. Mwili nao umebadilika. Sili zaidi ya nilivyokuwa nikila, lakini tumbo limeongezeka na mapaja yamepungua.

Nilikwenda kupima. Presha 148 kwa 92. Sukari, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, ni 6.1. Kipimo cha tezi ya shingo kinachoandikwa TSH ni 5.4, na T4, homoni ya tezi hiyo yenyewe, wamesema iko sawa. Marehemu mama alikuwa na kisukari, na akiwa na miaka 70 alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hakutembea vizuri tena hadi alipofariki. Nikiitazama karatasi ya maabara namwona yeye.

Mume wangu ana miaka 58. Siku hizi ni mchovu, anasinzia mbele ya televisheni, hamu ya tendo la ndoa imepungua, na tumbo limemtoka. Kukoroma kwake kunanitia hofu, kwa sababu katikati hunyamaza kabisa, kisha hushtuka kama mtu aliyekuwa amekabwa. Rafiki yake alimpeleka kwenye kliniki moja ya watu binafsi. Walimtoa damu mara moja tu, saa kumi jioni, wakamwambia testosteroni imeshuka, na kwamba uzee wote, pamoja na kisukari, presha na mifupa kuchakaa, ni homoni kuisha. Zikijazwa, magonjwa hurudi nyuma. Wakatupangia dawa sote wawili: yeye achomwe sindano za testosteroni na za homoni ya ukuaji, mimi nimeze vidonge vya DHEA na dawa ya mitishamba ya "kusawazisha homoni". Gharama yake itamaliza akiba yetu ya kustaafu. Yeye yuko tayari kulipa, mimi nasita.

Dada yangu naye ananionya nisiguse homoni ya aina yoyote, eti zinaleta saratani ya matiti. Kwa hiyo huku naambiwa nizijaze zote, huku naambiwa nisiguse hata moja. Je, ni kweli uzee ni upungufu wa homoni? Na mimi nifanyeje na usiku huu? Na mume wangu je?

Mama wa Watatu

---

Dada yangu, Mama wa Watatu,

Pole sana. Kulala vipande vipande kwa zaidi ya mwaka, kisha asubuhi uamke uende kazini, ni mzigo mzito, na nasikitika kwamba hakuna aliyekupa nafuu mpaka leo. Nianze na la pesa, kwa kuwa ndilo linaloweza kufanyika kesho: msilipe. Homoni ni kitu chenye nguvu mno mwilini, na kwa sababu hiyo hazichomwi kwa makadirio.

Mliyoambiwa yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Estrojeni kwa mwanamke hushuka kwa kasi hedhi inapokoma. Testosteroni kwa mwanamume hushuka taratibu, kama asilimia 1 kwa mwaka baada ya ujana. DHEA, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hufika kileleni miaka ya ishirini, na mtu akifika 70 au 80 hubaki na sehemu ya tano yake au chini ya hapo. Homoni ya ukuaji nayo hupungua. Hayo ni kweli tupu. Lakini nusu nyingine ya habari wameinyamazia: zipo homoni zinazopanda na umri. FSH, ile inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuziamsha ovari, kwako sasa iko juu kuliko ilivyokuwa ujanani mwako. TSH huelekea kupanda watu wanapozeeka. Kotisoli ya usiku, homoni ya msongo, hupanda. Na insulini, kwa mtu mwenye majibu kama yako, mara nyingi iko juu, wala haijaisha. Mtu anayekwambia dawa ya uzee ni kujaza hajauangalia mwili wote.

Biashara hii ina umri mrefu. Mwaka 1889, Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi mwenye heshima kubwa aliyekuwa na miaka 72, aliwatangazia wenzake mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za simbilisi, na amerudiwa na nguvu za ujana. Habari zikaenea, watu wakamiminika kutaka sindano ile. Leo tunajua testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo alichojidunga hakikuwa na kiasi cha maana. Alijisikia vizuri kwa sababu alitamani sana kujisikia vizuri. Namwelewa. Namwelewa na mumeo pia.

Sasa tuichukue karatasi yako. Namba ninayoiogopa kuliko zote ni hiyo 6.1, nayo ndiyo isiyokuuma popote. Chini ya 5.7 ni kawaida, kuanzia 6.5 ni kisukari, na wewe uko katikati, katika hatua ya kabla ya kisukari. Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiamuru misuli ipokee sukari iliyo kwenye damu na kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Mafuta yanapojaa ndani ya tumbo, yakauzunguka utumbo na kuingia kwenye ini, na misuli nayo ikapungua, viungo hivyo huanza kuisikia insulini kwa taabu. Kongosho hufanya kama mtu anayezungumza na mzee asiyesikia vizuri: huongeza sauti. Kwa miaka mingi kipimo cha sukari hutoka safi, kwa sababu insulini imeongezwa maradufu nyuma ya pazia. Wakati huo figo zinashikilia chumvi kuliko inavyotakiwa, ini linamwaga mafuta kwenye damu, na presha inapanda. Siku chembe za kongosho zikielemewa, ndipo sukari inaonekana kwenye karatasi. Unaona basi kwamba kisukari cha ukubwani, kwa watu wengi, huanza homoni ikiwa nyingi na mwili hauisikii. Hakuna upungufu wa kujaza hapo mwanzo, na hakuna kidonge cha DHEA kitakachorekebisha hali hiyo. Mwaka 2006 yalichapishwa majaribio ya miaka miwili ya wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, waliowapa wazee DHEA: mwili haukubadilika kwa namna ya maana, nguvu hazikuongezeka, usikivu wa insulini haukubadilika, maisha hayakuwa bora zaidi.

Umesema huli zaidi ya zamani. Nakuamini, na nakuomba usijilaumu. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiyapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ikishuka, mafuta yaleyale huhamia tumboni, tena tumboni ndiko yanakoleta madhara. Ongeza kukosa usingizi. Mwaka 1999 watafiti waliwalaza vijana 11 wenye afya njema kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku sita mfululizo. Uwezo wao wa kuishughulikia sukari uliporomoka na kotisoli yao ya jioni ikapanda. Hao ni vijana, na ni siku sita. Wewe umelala hivyo zaidi ya mwaka. Ndiyo maana kuutibu usiku wako ni sehemu ya kuitibu sukari yako, na daktari akikwambia jasho la usiku ni la kuvumilia tu kwa sababu kila mwanamke hupitia, mwambie kwa heshima kwamba unahitaji matibabu.

Kwa hiyo tuje kwenye usiku. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikishuka, seli fulani za hapo hubaki bila wa kuzituliza, nazo huufanya ubongo uamini kwamba mwili umepata joto kupita kiasi hata kama joto limeongezeka kidogo sana. Amri inatoka: mishipa ya ngozi ifunguke, jasho limwagike, moyo uende mbio. Ndilo hilo joto linalokupanda saa nane. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa nusu ya wanawake wenye hali hii ya mara kwa mara huwa nayo kwa zaidi ya miaka 7. Kumwambia mtu asubiri ipite ni kumwambia asubiri sana. Usahaulifu nao ni wa kipindi hiki, unazidishwa na usingizi mbovu, na kwa wengi hutulia. Kupotewa na neno mbele ya kikao hakukufanyi kuwa mtu aliyeanza kupoteza akili.

Dada yako hakutunga hofu yake. Mwaka 2002 utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, uliokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 katika tawi la vidonge vya estrojeni pamoja na projestini (dawa ya jamii ya projesteroni), ulisimamishwa mapema, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba homoni zinaleta saratani. Naomba umsomee namba zenyewe. Kati ya wanawake 10,000 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Kati ya 10,000 waliopewa homoni, ni 38. Wanawake 8 zaidi kwa mwaka si jambo la kupuuza, na hakuna anayepaswa kukuficha. Kiharusi na damu kuganda pia viliongezeka. Lakini waliovunjika nyonga walipungua. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamepitisha zaidi ya miaka kumi tangu hedhi ikome, na huenda mishipa yao ya damu ilikuwa imeanza kuziba. Na katika tawi lingine, la wanawake waliokwisha kuondolewa kizazi, waliopewa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka. Habari hiyo haikufika mbali kama ile ya kwanza, na kizazi kizima cha wanawake kikaachwa kikitokwa jasho bila msaada kwa sababu ya kichwa cha habari. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Msimamo wa wataalamu siku hizi ni kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, akisumbuliwa na joto la namna yako na akiwa hana kizuizi, faida ya tiba ya homoni kwa kawaida huzidi madhara. Wewe uko ndani ya dirisha hilo. Vizuizi ni kama kuwahi kuugua saratani ya matiti, kuganda damu miguuni au mapafuni, kiharusi, mshtuko wa moyo, ugonjwa mkali wa ini, au kutokwa damu ukeni kusikojulikana sababu. Kama una kimojawapo, kisemwe kabla ya jambo lolote. Kama huna, mwombe daktari mzungumzie estrojeni ya kibandiko au ya jeli, inayopita kwenye ngozi. Kidonge hupita kwanza kwenye ini na kuliamsha litengeneze vitu vya kugandisha damu. Kibandiko hakifanyi hivyo kwa kiwango kile, na kwa mtu mwenye presha na sukari iliyoanza kupanda tofauti hiyo ina uzito. Kwa kuwa kizazi chako bado kipo, lazima upewe na projesteroni. Estrojeni pekee huunenepesha ukuta wa kizazi, na huweza kufikia saratani. Kama homoni hazikufai au huzitaki, ziko dawa nyingine. Baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo hupunguza joto, na tangu 2023 imeidhinishwa Marekani dawa isiyo homoni iitwayo fezolinetanti, inayozizima zile seli za haipothalamasi zenyewe. Hiyo huhitaji ini lipimwe. Mitishamba ya kusawazisha, hapana. Mizizi inayouzwa kwa kazi hiyo haijaonyesha matokeo ya kuaminika kwenye majaribio, na mingine imehusishwa na ini kuharibika.

Lakini usiichukue tiba hii kama kinga ya moyo au ya kisukari. Haitolewi kwa ajili hiyo. Inatolewa ili ulale, na faida ya pili ni mifupa.

Mifupa naomba tukae nayo kidogo kwa ajili ya mama yako. Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku, na estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji. Ikiondoka, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo, bila maumivu yoyote. Mzazi aliyevunjika nyonga ni kigezo kinachopandisha hatari yako mwenyewe. Kwa hiyo omba kipimo cha uzito wa mifupa, kile cha mionzi midogo kinachopiga nyonga na uti wa mgongo. Usisubiri ufike 65. Yaliyompata mama bafuni yalianza miaka mingi kabla hajateleza, na wakati wake hakuna aliyempima.

Ile 6.1 dawa yake kubwa naijua, na naipenda kwa sababu ushahidi wake ni mzito. Utafiti wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwachukua watu 3,234 wenye sukari ya katikati kama yako. Waliopangiwa kupunguza kama asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hasa kutembea kwa haraka, walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metifomini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa 31. Na waliofaidika zaidi walikuwa wenye miaka 60 na kuendelea, kwa asilimia 71. Yaani wale ambao kliniki ile ingewaambia homoni zimewaishia ndio waliofanya vizuri kuliko vijana. Sababu iko kwenye misuli: inapofanya kazi, hufungua njia ya kupokea sukari bila kungoja insulini iiambie. Kwa hiyo kutembea robo saa baada ya kula kunashusha sukari ya mlo uleule. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa tena polepole. Rudia mpaka mapaja yaungue, pumzika, rudia. Shika ukingo wa meza uinuke kwa vidole vya miguu. Mapaja hayo yaliyopungua ndiyo maghala makubwa ya sukari uliyo nayo, na ndiyo yatakayokuzuia usianguke ukiwa na umri wa mama.

Presha ya 148 kwa 92 ipimwe tena nyumbani, umekaa umetulia dakika tano, mkono umeegemezwa, asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike. Ikibaki hapo, itibiwe. Usisubiri uzito upungue kwanza. Na muulize daktari kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini, vinavyosimamia chumvi na presha mwilini. Tezi za juu ya figo zikitoa aldosteroni nyingi kupita kiasi, presha hupanda na haishuki vizuri kwa dawa za kawaida. Hali hii, aliyoieleza daktari wa Marekani Jerome Conn mwaka 1955, si adimu kama tulivyofundishwa, na ina dawa yake mahususi. Kama kuna homoni ambayo ingestahili kutafutwa kwenu, hiyo ni mojawapo, na kliniki ile haikuigusa.

TSH ya 5.4 huku T4 ikiwa sawa isikunyime amani. Irudiwe baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na kipimo cha kingamwili za tezi. Mara nyingi hurudi yenyewe. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku chache kabla ya kupima na umwambie mtu wa maabara, maana huchezea majibu. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi wenye hali kama hii, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017 kwa watu 737 hayakuona faida ya kuwapa dawa ya tezi. Wewe ni mdogo kwao, kwa hiyo uamuzi wako utategemea kipimo cha pili na kingamwili.

Tuje kwa shemeji. Maelezo yako ya kukoroma, kunyamaza, kisha kushtuka kama aliyekabwa, yamenishtua kuliko testosteroni yake. Hiyo ni picha ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo linajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha kidogo ili avute hewa, na hurudia hivyo usiku kucha bila mwenyewe kujua. Mtu wa namna hiyo husinzia mchana, huchoka, hupata presha, na testosteroni yake hushuka, kwa sababu homoni hiyo hutengenezwa kwa wingi wakati wa usingizi mzuri. Mafuta ya tumbo nayo huishusha, na mengine huigeuza kuwa estrojeni. Sasa fikiria achomwe sindano ya testosteroni kabla ya kutibiwa pumzi. Sindano hiyo inaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi na kuifanya damu kuwa nzito. Kipimo cha usingizi kitangulie. Na kama nguvu zenyewe za kiume zimepungua, mbali na hamu, apimwe moyo, sukari na mafuta ya damu, maana mishipa midogo ya huko huziba mapema kuliko ya moyo.

Kile kipimo cha saa kumi jioni hakitoshi kusema chochote. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, na chakula huishusha pia. Inapimwa asubuhi mapema kabla ya kula, na ikitoka chini, inarudiwa siku nyingine. Mwaka 2010 wachunguzi wa Ulaya waliopima wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79 walikuta wenye upungufu wa kweli, yaani namba ya chini pamoja na dalili zake, ni kama 2 tu katika kila 100. Akiwa mmoja wao, kwanza itafutwe sababu, pamoja na kuchunguza tezi ya pituitari chini ya ubongo. Kisha atibiwe, na sitapinga. Majaribio makubwa ya mwaka 2023, kwa zaidi ya wanaume 5,000 wenye testosteroni ya chini na hatari ya moyo, hayakuona mshtuko wa moyo wala kiharusi vikiongezeka, jambo lililotupa ahueni. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yaliongezeka, na damu kuganda mapafuni pia, na hata mifupa kuvunjika iliongezeka, kinyume cha tulivyotarajia. Anayepewa hufuatiliwa unene wa damu na tezi dume. Kliniki inayochoma bila kufuatilia inamweka hatarini.

Homoni ya ukuaji aiache kabisa. Matumaini yake yalitokana na utafiti mmoja wa 1990, ambapo wanaume 12 wenye zaidi ya miaka 60 walichomwa kwa miezi sita, misuli ikaongezeka na mafuta yakapungua. Dunia ikashangilia. Tafiti zilizofuata zilionyesha misuli inanenepa bila nguvu kuongezeka inavyostahili, huku watu wakivimba, wakiumwa viungo, na sukari yao ikipanda. Kule Ekuado wapo watu waliozaliwa na ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiisikii homoni ya ukuaji. Ni wafupi sana, wana mafuta mengi mwilini, lakini utafiti wa mwaka 2011 haukukuta kisukari hata kwa mmoja wao, na saratani ilikuwa karibu haipo. Hawaishi miaka mingi kuliko jamaa zao, kwa hiyo sisemi ni bahati. Nasema tu kwamba kuiongeza homoni hii kwa mtu mwenye tumbo na sukari ya kutilia shaka ni kwenda kinyume na kila tunachokijua.

Ukizungumza naye, usianze na akiba, ataona unampima kwa pesa. Anza na kukoroma. Mrekodi usiku mmoja kwa simu, asubuhi msikilizishe ule ukimya wa katikati, kisha mwambie hofu yako kama ulivyonieleza mimi. Wanaume wengi niliowaona wakikataa hospitali walikubali waliposikia wenyewe jinsi wanavyokata pumzi.

Ukienda kwa daktari wako, peleka karatasi yote ya maabara, daftari la presha, na habari ya nyonga ya mama. Na kwa kuwa hedhi yako imekwisha koma kwa zaidi ya mwaka, ukiona damu, hata tone moja, hata kama umeshaanza homoni na ukadhani ndizo zilizosababisha, nenda ukachunguzwe kizazi wiki hiyohiyo.